Jina Juu ya Bahasha

Minjila
10 Agosti 2025

Mwanangu Kitsao,

Nakusalimu kwanza, kisha nikuulize kama unakula, maana dada yako Mbodze anasema kwenye ile picha uliyomtumia shingo imekuwa ndefu. Sisi hatujambo. Mpunga umekomaa na ndege wamejua kabla yetu, kwa hiyo tangu alfajiri Mbodze yuko jarubani anapiga debe na mimi namsaidia kupiga kelele. Sauti yangu mwenyewe naisikia kidogo tu, lakini ndege wanaisikia yote.

Usinipigie simu tena. Juzi ulipiga nikakaa na lile dude sikioni robo saa nzima nikiitikia "eeh, eeh," kumbe ulikuwa unauliza kama jembe lililoibwa limepatikana. Masikio haya yalimalizwa na dawa ya malaria ule mwaka wa mafuriko, na hayatarudi. Niandikie. Nilikuwa karani wa kanisa miaka kumi na mmoja, kusoma nasoma, na barua haihitaji masikio. Mpe makanga wa basi la Garissa, aiache kwa Mwanaarusi, yule wa duka pale stejini. Nitaipata.

Neno lenyewe ni hili. Pasta Nicholas amenionyesha tangazo kwamba tarehe ishirini Septemba chuo chenu cha Ukingoni kitafanya Siku ya Wafadhili, kuwashukuru watu wanaowalipia watoto karo. Nimefurahi sana, kwa sababu kuna deni la adabu linalonikosesha raha. Zaidi ya mwaka sasa kuna mtu anakusomesha kazi ya umeme, na mimi sijamwona hata uso. Unajua kwetu hatufanyi hivyo. Mtu akikulelea mtoto, humtumii shukrani kwa mdomo wa mtoto. Baba mwenyewe anaondoka, anabeba jogoo, anamkabidhi mkononi na kusema maneno yake. Babu yako Nzai alitembea kwa miguu mpaka Kipini kumpelekea jogoo mwalimu aliyenifundisha kusoma, akarudi na malengelenge na furaha. Mimi sitakuwa wa kwanza kuivunja desturi hiyo.

Jogoo nimeshamchagua. Ni yule mwekundu anayemfukuza mbwa wa jirani. Nitaongeza mchele mpya, debe moja. Maneno yangu pia nimeshayapanga na nayajaribu mbele ya Mbodze, naye anasema napiga kelele mno.

Nitumie jina la huyo mfadhili, nijue nitamwitaje.

Baba yako,
Menza Nzai


Hola
19 Agosti 2025

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili. Pole kwa kazi ya ndege. Mimi ni mzima, na shingo ni ile ile, ni kamera tu.

Baba, kuhusu tarehe ishirini, nakuomba usijisumbue. Siku ile ni ya wageni wa mwaliko, watu wa ofisi na wakubwa, na sisi wanafunzi tutakuwa kazini, wengine jikoni, wengine kupanga viti. Sitapata hata dakika ya kukaa na wewe. Na barabara unaijua. Utafika umechoka, hutasikia hotuba hata moja, halafu ulale wapi?

Tena mfadhili wangu si mtu. Ni shirika la ng'ambo. Wanatuma pesa benki na hakuna anayekuja. Kwa hiyo hata ukija na jogoo, hakuna wa kumpokea. Nitawaandikia barua nzuri kwa niaba yako. Hapa chuoni ndivyo inavyofanywa, kila mwanafunzi anaandika barua ya shukrani na habari za maisha yake, kisha inachapishwa kwenye kijitabu cha wafadhili. Yangu nimeshaipeleka na wameipenda, wanataka niisome jukwaani.

Muuze huyo jogoo ununue betri ya redio. Nikija Desemba nitakutengenezea ile taa ya sola.

Nisalimie Mbodze.

Mwanao,
Kitsao


Minjila
31 Agosti 2025

Mwanangu Kitsao,

Nimesikia, kama mtu kama mimi anaruhusiwa kusema hivyo. Sitakuja. Jogoo amepona. Tangu jana anatembea uani kwa maringo, nadhani Mbodze amemwambia.

Lakini nisikufiche, nimeumia kidogo. Nilishaifua ile kanzu ya harusi ya binamu yako na nilishamwambia kila mtu hapa Minjila. Na betri ya redio ni ya nini, Kitsao? Umesahau unamwandikia nani?

Kuna jambo sikulielewa. Jumwa wa ng'ambo ya barabara ana mjukuu hapo hapo chuoni, na yeye ameletewa kadi yenye muhuri, imeandikwa "Mzazi au Mlezi." Amenionyesha. Labda yangu imepotea njiani. Hebu uliza ofisini, si kwa kuja, ni kwa kujua tu kama jina langu wanalo.

Na hiyo habari ya maisha yako uliyoiandika nitumie nakala. Nataka kujua umetuandikaje. Kama umemtaja mama yako, taja kwamba alikuwa na sauti nzuri. Miaka sita tangu tumzike na bado watu wa kwaya wanamsema.

Baba yako,
Menza Nzai


Ndera
24 Septemba 2025

Kwa Ndugu Ngala Nzai,
kwa mkono wa Mwanaarusi wa duka, stejini Minjila

Ndugu yangu,

Natumai ulifika salama. Mimi ni Loise Buya, yule mama uliyemkabidhi jogoo na mchele Jumamosi kule Hola. Nimeona nisikae bila kukuandikia, na kwa kuwa uliniambia masikio hayakusaidii, barua ndiyo njia.

Siku ile nilipewa mambo mengi. Nilivikwa shada, nikapewa cheti ndani ya fremu, na mkuu wa chuo akanisifu kwenye maikrofoni mpaka nikaona haya. Nilikuwa mkunga miaka thelathini na miwili, sikuzoea kupigiwa makofi. Lakini kitu nilichokipakata njia nzima mpaka nyumbani ni jogoo wako. Wengine wote walinishukuru kwa sauti, wewe ulikuja ukanipa mkononi. Sisi Wapokomo nasi tunajua uzito wa hilo.

Nikueleze kwa nini nalipa karo hii. Nilikuwa na mtoto mmoja, Jasper. Alizama akivuka mto kurudi chuoni, ana miaka ishirini. Nikasema ile karo niliyokuwa nimemwekea isilale, isomeshe mtoto asiye na baba wala mama, kwa sababu hata mimi nilikua hivyo, na kuna mtu alinisomesha. Siku ya kuchagua walibaki wawili, Kitsao wenu na msichana mmoja wa Nanighi, Qabale. Qabale alisema waziwazi kwamba baba hana lakini mama anaye, ingawa ni mgonjwa. Nikamchukua Kitsao kwa kuwa yeye hakuwa na mtu kabisa. Roho ilinisumbua juu ya yule msichana. Ila Jumamosi, nilipomsikia Kitsao akisoma, roho ilitulia.

Ndugu Ngala, habari za marehemu kaka yako Menza zimenikaa. Mtu kurudi ndani ya mafuriko kufuata vyeti vya mwanawe, akachukuliwa na maji! Tuliposimama dakika moja kwa heshima yake nilikuona kule nyuma, umevua kofia, umesimama wima kuliko watu wote. Nikajua wewe ni wa damu yake kabla hujaniambia.

Kitsao aliniambia kaburi la baba yake ni kichuguu tu cha udongo. Halifai kubaki hivyo. Nimezungumza na chuo, na Jumamosi tarehe mosi Novemba tutakuja Minjila na saruji, fundi na wanafunzi wachache. Jiwe nimeshaagiza. Nakuomba unitumie mwaka aliozaliwa Menza, ili fundi wa maandishi amalize.

Jogoo anawika vizuri. Sijamchinja wala sitamchinja.

Wako katika Bwana,
Loise Buya


Minjila
28 Septemba 2025

Kitsao,

Mwanaarusi alinipungia bahasha kutoka dukani, akaniuliza kwa ishara Ngala Nzai ni nani, maana miaka yote hajapata kumwona hapa stejini. Nikasema ni yangu. Akacheka, akadhani nazeeka vibaya. Nakala yake nakutumia humu, nimeinakili mwenyewe. Isome kwanza, kisha urudi hapa.

Nilikuja. Nilikuambia siji, nikaja, kwa hiyo mimi pia nilikudanganya. Kadi ya Jumwa ilinikaa moyoni. Nilifikiri mtoto ananionea huruma na njia, basi nitamshtukiza, atafurahi. Nilipanda basi alfajiri na jogoo mapajani. Nilipofika, kijana mmoja mwenye adabu akanipa kiti nyuma ya tenti, akanipa na kijitabu. Nikakuona jukwaani na shati jeupe. Nikamgusa mtu wa pembeni, nikamwonyesha kwa kidole, nikasema yule ni wangu. Sijui alijibu nini.

Ukaanza kusoma. Sikusikia neno hata moja, lakini nilitazama mdomo wako na nikajivuna. Watu wakaanza kufuta macho. Nikawaza, mwanangu anajua kusema, amechukua kwa mama yake. Kisha wote wakasimama, nami nikavua kofia nikasimama. Nilidhani ni sala, Kitsao. Nikaomba. Wao walikuwa wananiomboleza mimi, na mimi nilikuwa namwomba Mungu akupe wewe maisha marefu.

Tulipokaa ndipo nikafungua kijitabu. Ukurasa wa saba, picha yako, na chini yake: "Baba yake, marehemu Menza Nzai, alizama Novemba 2023." Nikarudia kwa kidole, neno moja moja, nikifikiri na macho nayo sasa yamekwenda. Nilipoinua kichwa ulikuwa umeshaniona. Tulitazamana. Ukashusha macho, ukapokea makofi yako.

Nilivuka, Kitsao. Ulikuwa umesimama pale barabarani unanitazama nikivuka. Maji yalikuwa shingoni, vyeti kichwani ndani ya nailoni. Nilipotoka ulivipokea vyeti kwanza kabla ya kunishika mkono, nami sikuona ubaya, nikasema mtoto wangu anajua thamani ya masomo. Malaria iliyonifuata wiki ile ndiyo iliyonipeleka kwenye dawa, na dawa ikachukua masikio. Hicho ndicho kitendo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Sina kingine cha kujisifia. Ukakichukua hicho hicho ukanizamisha nacho.

Na lile shirika lako la ng'ambo lina miaka sitini na kitu, lina leso ya kijani na linatoka Ndera hapo juu. Nilipomfikia na jogoo, maneno yangu yote niliyoyapanga yalikuwa yamekwisha. Alinishika mikono yote miwili, akaniandikia kwenye karatasi: "Wewe ni nani wa Kitsao?" Ulikuwa umesimama nyuma ya bega lake. Ulinitazama tu, na mdomo wako ulikuwa unatetemeka kama ulivyokuwa ukitetemeka ulipokuwa mdogo na homa. Basi nikajiua kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikasema mimi ni ndugu yake marehemu, naitwa Ngala. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia.

Nimesalitiwa na watu katika maisha yangu. Mtu wa kwetu aliniuzia shamba la mtu mwingine. Niliumwa nikapona. Hili sijui nalishikaje. Nikitembea barabarani najiona kama nimekosea kuwa hapo.

Na huyo Qabale je? Alisema kweli akaachwa nje. Umefikiria yuko wapi leo?

Sitakuaibisha mbele za watu, tayari nimeonyesha hivyo. Lakini Mama Loise anakuja tarehe mosi Novemba na jiwe lenye jina langu. Nakupa wiki mbili. Mwandikie wewe, kwa mkono wako, umwambie ukweli wote. Nitakuja kusimama nawe mbele yake ukitaka. Atakukasirikia na labda utarudi nyumbani, na utakuta sahani yako ipo. Ukishindwa na hilo, basi njoo na jembe unichimbie hilo kaburi mwenyewe, nikiwa nimekaa pale natazama.

Mimi baba yako, bado,
Menza


Hola
5 Oktoba 2025

Kwa Baba,

Sijui nianzie wapi. Nimechana karatasi nne. Nisamehe. Nilipokuona pale nyuma na ile kanzu nilitamani ardhi inimeze.

Lakini nisikilize kidogo. Ulikuwepo nilipomaliza shule. Bursari tuliomba mara tatu hatukupata. Nilibeba matofali Garsen mwaka mzima. Siku ya fomu tulipanga foleni tangu saa kumi na mbili, na wale waliojaza jina la baba waliambiwa wasubiri pembeni, na kule pembeni hakuna aliyeitwa tena. Nikatazama kile kisanduku, mama alikuwa tayari marehemu, nikaandika neno hilo hilo mara ya pili chini yake. Ilikuwa kalamu tu. Nilidhani itaishia kwenye fomu. Kisha wakauliza alikufaje. Kisha wakasema andika vizuri, wafadhili wanapenda kujua. Kila mwaka wanataka habari itakayowatoa watu machozi, na yule asiye nayo hachaguliwi kusoma. Nikatafuta kitu cha kweli nikiweke ndani, na kitu cha kweli nilichokuwa nacho ni wewe ndani ya maji.

Baba, nisamehe kwa nitakaloliandika. Baba aliye hai hakunipatia nafasi. Aliyekufa alinipatia. Sikufurahi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Imebaki miezi saba tu nimalize. Nikimwandikia sasa nitafukuzwa, na huenda wakaniita mwizi, na hata wewe watakuuliza kwa nini ulijiita Ngala. Tutaumia wote. Nimefikiria njia ambayo haitamuumiza mtu. Kaburi la mama liko pale nyuma ya nyumba na halina jina. Wakija, waonyeshe lile. Waweke saruji yao na jiwe lao, wapige picha, waende zao. Mwakani nitakapokuwa nafanya kazi nitalitoa lile jiwe usiku mmoja niweke la mama, zuri zaidi. Mama angekubali. Alitaka nisome kuliko mtu yeyote.

Mwambie Mbodze asiseme kitu. Na mwaka wa kuzaliwa mtumie tu Mama Loise, ili asiwe na shaka.

Nakuomba, Baba. Hii ya mwisho.

Mwanao,
Kitsao


Minjila
14 Oktoba 2025

Kwa Mama Loise Buya,
Ndera

Mama yangu,

Salamu zako nilizipata, na saruji yako, jiwe lako na huruma yako. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nasubiri mtu mwingine akuandikie kabla yangu. Hataandika. Kwa hiyo kaa chini kwanza ndipo uendelee.

Uliniomba mwaka aliozaliwa Menza Nzai. Nilizaliwa mwaka 1961. Mwaka wa kufa sinao bado.

Ngala ni ndugu yangu kweli, lakini yuko upande wa Malindi na hajawahi kukuona. Aliyekupa jogoo ni mimi. Niliposimama ile dakika moja sikujua ninasimama kwa ajili yangu. Sikuzama. Nilivuka na vyeti vikavuka, na Kitsao alikuwepo. Mama yake, Dama, ndiye aliyekufa, kwa figo, miaka sita iliyopita. Hilo ni kweli, na ndilo ambalo halimo kwenye kijitabu.

Mbele yako nilidanganya, na uongo ule ni wangu, usimwekee kijana. Ulinishika mikono ukaniuliza mimi ni nani, nikaogopa kwa ajili yake. Nakuomba radhi. Nimeulizwa maswali mengi maishani, na hilo ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote.

Nilikuwa tayari kumfichia, Mama Loise. Nikuambie hivyo ujue mimi si mtu mwema kupita wengine. Nilikaa na barua yako siku tatu nikipima kama naweza kuwa Ngala miezi saba. Ningeweza. Mtu anaweza kumfia mwanawe, hata hivi. Lakini ameniandikia sasa kwamba mkija niwapeleke kwenye kaburi la Dama, niwaambie ni langu, muweke jina langu juu yake, na yeye atakuja kulitoa baadaye.

Maji ya mwaka ule yalilisawazisha lile kaburi. Nilipotoka hospitali, kabla ya kujenga jikoni, nilipima kwa hatua kutoka mlangoni nikalitafuta, nikalirudishia udongo kwa karai, mimi na Mbodze. Kitsao alisaidia siku ya pili. Anajua ni nani aliyelala pale. Mimi akitaka kunizika ni sawa, nina mdomo, naweza kujitoa. Dama hawezi. Hapo ndipo niliposhindwa kuwa baba wa kunyamaza.

Sijui utamfanya nini. Chuo kina sheria zake na karo ni yako. Sikuombi umwache, na nikisema sitaki umwache nitakuwa nimeongeza uongo mwingine. Ni mwanangu. Ana mikono mizuri ya kazi, na alijaza fomu mbele ya watu waliotaka kuona machozi kwanza ndipo watoe kalamu. Hilo waambie na wao, hapo chuoni. Ila yule Qabale wa Nanighi mtafuteni. Alisema ana mama. Mtoto aliyekataa kumzika mama yake kwa ajili ya shule ndiye uliyekuwa unamtafuta.

Mchele ule ulikuwa wa shukrani na ubaki wa shukrani, ule bila kinyongo. Jogoo pia. Nilikukabidhi mimi mwenyewe kama desturi inavyotaka, ingawa kwa jina la kukopa, na sasa nakukabidhi tena kwa jina langu: asante kwa kunisomeshea mtoto.

Ukiona bado una nguvu ya kuja tarehe mosi, njoo bila jiwe. Au kama fundi hajaanza kuchonga, mwambie aandike Dama, mke wa Menza, alikuwa na sauti nzuri. Nami nitasimama dakika moja, na safari hii nitajua ni ya nani.

Kitsao nimempelekea nakala ya barua hii kwa basi la leo. Juu yake sikuandika neno lolote. Karatasi niliyotenga kwa ajili yake ningali nayo mezani.

Ukinijibu, nakuomba kitu kimoja kidogo. Mwanaarusi hapa stejini ameshazoea kucheka. Andika jina langu juu ya bahasha.

Menza Nzai
Minjila